Shajara ya mradi: Kuinasa QO-100 kwa dishi la TV, Dodoma

3 Agosti 2024: Hesabu kwanza, manunuzi baadaye

Nataka kuisikia transponda (mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha tena chini) ya redio za ridhaa iliyoko kwenye setilaiti ya Es'hail-2, ile ambayo wapenzi wa redio wanaiita QO-100. Nitatumia dishi la kawaida la TV, nyumbani, Dodoma mjini. Ni kusikiliza tu. Kurusha kunataka leseni ya TCRA na mtambo wa GHz 2.4, na hayo siyagusi kwa sasa.

Kwa anayeanza: setilaiti ni ya kampuni ya Es'hailSat ya Qatar. Ilipaa tarehe 15 Novemba 2018 kwa roketi ya Falcon 9, na Februari 2019 watu wa ridhaa wakafunguliwa mlango. Sehemu yao ilibuniwa kwa ushirikiano wa AMSAT-DL, chama cha setilaiti za ridhaa cha Ujerumani, na chama cha redio za ridhaa cha Qatar. Imetulia juu ya ikweta karibu na nyuzi 26 mashariki, kwa hiyo haichomozi wala haizami. Ukishaipata, ipo hapo hapo usiku na mchana. Inatoa mikanda miwili. Mwembamba, wa sauti na Morse, unashuka kwenye MHz 10,489.5 hadi 10,490 kwa mlalo wa V (wimbi linatikisika wima). Mpana, wa televisheni za ridhaa, ni MHz 10,491 hadi 10,499 kwa mlalo wa H (linatikisika kando kwa kando). LNB ya kawaida ya TV, kile kichwa cha kupokelea kinachokaa mbele ya dishi, huondoa MHz 9,750 kwenye masafa hayo, na kinachobaki kwenye waya ni MHz 739.5 kwenda juu, ambacho kipokezi cha USB cha RTL-SDR kinakisoma bila msaada.

Maelekezo niliyoyakuta karibu yote yameandikwa na watu wa Ulaya kwa ajili ya makwao: tazama kusini, inua dishi nyuzi thelathini na kitu, zungusha LNB kidogo. Kwetu karibu kila neno hapo halifai. Nimepiga hesabu ya Dodoma (nyuzi 6.17 kusini, 35.74 mashariki, setilaiti nimeiweka 25.9) nikapata hivi:

Dira: 302, yaani kaskazini-magharibi.
Mwinuko: nyuzi 76.4. Ni karibu na utosini.
Mzunguko wa LNB: nyuzi 58.
Umbali: kama kilomita 35,900.

Hiyo 58 niliirudia kwenye kikokotoo nikidhani nimebonyeza vibaya. Haikubadilika. Ukikaa karibu na ikweta na setilaiti ikawa pembeni mwa longitudo yako, mlalo wa wimbi unakuja umeegama sana. Namba hii itanirudia chini.

8 Agosti: Dishi na braketi

Nanenane, wengi wako Nzuguni kwenye maonyesho, mimi niko uani na spana. Dishi ni la mtumba, ofseti (LNB yake hukaa upande wa chini, si katikati), kimo sentimita 98 na upana 89. Muuzaji hakujua pembe yake ya ofseti na hakuna aliyemlaumu. Unaipata mwenyewe: gawa upana kwa kimo, kisha tafuta pembe ambayo kosaini yake ni hiyo. 89 kwa 98 inatoa nyuzi 24.8. Maana yake, ili dishi litazame 76.4, uso wake wenyewe unatakiwa kuelekea 51.6 tu. Nikilaza ubao kutoka ukingo wa juu hadi wa chini na kuweka simu yenye programu ya kupima mteremko, natakiwa kusoma 38.4 kutoka usawa wa ardhi. Hicho kipimo cha ubao ndicho ninachokiamini, si namba zilizogongwa kwenye braketi.

Bomba la inchi mbili limechimbiwa na kumwagiwa zege. Hapo hamna la kusimulia.

Tatizo ni braketi. Tundu lake la kuinulia dishi linagota kabla ya 70. Njia ya haraka ilikuwa kuegemeza bomba nyuma nyuzi kumi na tano kabla zege halijashika. Nilijaribu, na siipendekezi kwa mtu yeyote: bomba likishaegama, kila unapozungusha dishi kushoto au kulia mwinuko nao unabadilika, na huwezi kutafuta vitu viwili kwa wakati mmoja kwenye anga usiloliona. Bomba likasimamishwa wima kwa timazi. Braketi ikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akarefusha tundu kwa grainda na kuongeza kipande cha bati nene pembeni. Shilingi 10,000, na aliuliza mara mbili kama nina hakika nataka dishi litazame juu kiasi hicho. Nilimwonyesha dishi za majirani zinazotazama nyuzi 36 mashariki, ambazo hapa Dodoma zinainuka hadi karibu 83. Akacheka.

10 Agosti: Finda imenyamaza

Fundi dishi wa mtaani alikuja na finda yake, kile kifaa cha kutafutia setilaiti. Hakutaka kulipwa, alitaka kuona. Mpango ulikuwa tutafute chaneli za TV za nyuzi 26 mashariki, tukizipata tumefika. Hatukupata hata moja.

Kosa halikuwa la finda. Mialo ya TV ya setilaiti za pale imeelekezwa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Huku kwetu haishuki kwa nguvu ya kutosha. Mkanda wa ridhaa una antena yake nyingine inayomwagia upande wote wa dunia unaoiona setilaiti, kuanzia Brazili hadi Thailand, ila wenyewe ni mwembamba mno kwa finda, ambayo inapima jumla ya nguvu zote zinazoingia.

Tulichofanya badala yake kimefaa kuliko nilivyotegemea. Tulilenga kwanza nyuzi 7 mashariki, iliko setilaiti ya Azam TV. Hiyo fundi anaipata akiwa amefumba macho. Kutoka Dodoma ipo kwenye dira 281, mwinuko karibu 56. Dishi likishaifunga, unajua kwa hakika liko wapi, na dira ya simu, ambayo ikikaribia bati la dishi huropoka, huihitaji tena. Kutoka hapo ni kuzungusha nyuzi 21 kuelekea kaskazini na kuinua 20 na ushee. Tulichora alama kwa chaki kwenye bomba: mzingo wa bomba uligawanywa kwa 360, tukazidisha kwa 21.

Dishi la ukubwa huu kwa masafa haya lina mwalo wa nyuzi kama 2.2, kwa hiyo alama ya chaki inakufikisha jirani na mlango, siyo ndani.

17 Agosti: King'amuzi kama chanzo cha umeme

LNB inataka volti 13 ili isikilize V, 18 ili isikilize H. Kipokezi cha USB hakitoi hizo. Nilikuwa na king'amuzi cha zamani cha chaneli za bure, nikanunua spilita ya njia mbili ambayo upande mmoja tu unapitisha umeme: upande huo kwenye king'amuzi, ule mwingine kwenye kipokezi. Hakikisha kwa mita kabla hujaunganisha. Upande wa kipokezi usome sifuri. Volti 13 zikiingia huko umepoteza kifaa cha bei kuliko vyote.

Skrini ilikuwa tupu kabisa. Nilipekua dishi, koneta, waya. Nilichokuja kugundua ni kwamba king'amuzi kilikuwa kimebaki kwenye chaneli ya masafa ya juu, na kwa chaneli hizo kinapeleka mlio wa kHz 22 kwenye waya. LNB ikiusikia huo mlio inahamia kwenye oskileta yake ya pili (oskileta ndiyo inayoamua kiasi cha kuondoa), ya MHz 10,600. Kwa hiyo nilikuwa nasikiliza anga jingine kabisa. Kwenye menyu niliandika chaneli ya uongo, masafa 10,900, V, mlio umezimwa, nikakiacha hapo. Papo hapo usuli wa kelele kwenye programu ukapanda, dalili kwamba LNB inafanya kazi kwenye mkanda wa chini.

Bado hakuna setilaiti.

18 Agosti: Imeonekana, lakini kinyume

Jioni, baada ya kusogeza dishi kidogo kidogo kuzunguka alama ya chaki, kikatokea kitu: kilima kipana upande wa kulia wa skrini, kuanzia karibu MHz 740.8 na kuendelea nje ya kioo. Nilikitambua kwa nafasi yake. Ni bikoni (ishara ya alama inayorushwa muda wote) ya televisheni ya mkanda mpana, yenye kitovu kwenye 10,491.5. Upande wa kushoto, ambako sauti zilipaswa kuwa, palikuwa na vimstari viwili vitatu hafifu.

Hapa ndipo ile 58 ilipodai haki yake. LNB ilikuwa imesimama wima, sifuri, kama picha za maelekezo zinavyoonyesha. Mkanda mpana ni H, nami nilikuwa nasikiliza V, kwa hiyo ungepaswa kufifia. Lakini mawimbi yakiwa yameegama nyuzi 58, antena ya V ndani ya LNB inapata asilimia 28 tu ya nguvu ya V, hasara ya desibeli 5.5, huku ikipata asilimia 72 ya H isiyotakiwa. Kilichokuwa kwenye skrini ndicho hasa hesabu ilichosema.

Zungusha upande gani? Simama mbele ya dishi, ipe setilaiti mgongo, uitazame LNB kutoka nyuma yake. Kwa Dodoma, na kwa sehemu yoyote ya Tanzania iliyo mashariki ya nyuzi 26, na nchi yetu yote iko huko, unaizungusha kufuata mwendo wa mshale wa saa. Kiasi kinabadilika kwa mji: piga hesabu yako. Nilipofikisha karibu 58 kilima cha kulia kilizama na vimstari vya kushoto vikasimama: Morse kwenye 739.500, bikoni ya data katikati kwenye 739.750, na nyingine mwisho kwenye 740.000. Kati yao usuli wenyewe ulikuwa umenyanyuka kama kingazi, na hiyo ni kelele ya transponda. Ukiona kingazi, dishi lako linatosha; kuongeza ukubwa hakutakupa makubwa.

Namba hizo za MHz nimeziandika kama zinavyopaswa kuwa. Kwenye skrini yangu zilikuwa zimehama karibu kHz 600, na kila nilipotazama zilikuwa mahali pengine.

24 Agosti: LNB inayotembea

Mawimbi sasa ni mazuri, ila hayakai. Nikifungua sauti ya mtu, kwa sekunde chache anaongea kama binadamu, kisha sauti inapanda hadi inakuwa ya bata, kisha anatoweka pembeni. Nikimkimbiza kwa kipanya, anahama tena. Usiku ukiingia na baridi ya Agosti kushuka, kila kitu kinateleza upande mmoja. Asubuhi jua likiipiga LNB, kinateleza kurudi.

LNB hii ya shilingi 10,000 ni ya aina ya zamani, ambayo oskileta yake inashikiliwa na kidonge cha kauri tu. Kwa TV haina ubaya: mkondo wa TV una upana wa MHz 30 hivi, na king'amuzi kinausaka wenyewe. Sauti ya SSB, namna ya kurusha inayotumiwa na wazungumzaji wa ridhaa, ina upana wa kHz 2.7. Ukichukua 9,750 MHz, mtelezo wa sehemu moja kwa milioni ni kHz 9.75, tayari umempita mtu na majirani zake. Hakuna programu itakayokimbiza kitu kinachoyumba hivyo kila wingu linapopita.

Dawa ni LNB ya PLL, inayoongozwa na kristali ya MHz 25. Hiyo nayo inateleza, lakini taratibu na kwa kiasi kidogo. Dodoma nilizunguka maduka ya Barabara ya Sita na kwingine. Wengi waliniambia LNB zote ni sawa. Mmoja aliniruhusu nijaribu dukani na laptopu yangu akidhani nina wazimu: unaishika LNB mkononi dakika moja ipate joto, na kuangalia kelele za ndani zenye mstari mkali zinavyohama. Hatukufikia uamuzi. Nimeagiza Kariakoo yenye maandishi ya PLL, itakuja kwa basi.

31 Agosti: PLL imefika, na king'amuzi kimetoka

Shilingi 25,000 pamoja na nauli ya mzigo. Tofauti ni ya usiku na mchana. Kuna kosa la kudumu la kHz 40 na kitu, ambalo unaliandika kwenye programu mara moja ukalisahau, na mtelezo wa joto uliobaki ni wa kHz chache kutoka asubuhi hadi adhuhuri.

Huo uliobaki umeshughulikiwa kwa njia mbili. Kwanza, mwili wa LNB nimeuvalisha sponji na juu yake kidumu cheupe cha mafuta ya kula kilichokatwa, mdomo ukiachwa wazi. Jua halibadilishi joto lake ghafla tena. Pili, programu ya SDR Console ina sehemu mahususi ya setilaiti hii: inaikamata bikoni ya katikati na kusahihisha masafa yote kwa kuifuata. Tangu niiwashe, namba kwenye skrini ni masafa halisi.

King'amuzi nimekiondoa. Kilikuwa kinapandisha mistari ya kelele kila kHz kadhaa, na adapta ya volti 12 niliyoijaribu badala yake ilikuwa mbaya zaidi. Sasa LNB inakula betri ya pikipiki. Volti 12 na nusu inatosha kabisa kwa V. Kati ya betri na waya nimejenga kiunganishi kidogo: kapasita ya pF 100 kuelekea kipokezi, koili ya mizunguko michache kuelekea betri, na fyuzi ya nusu ampea. Vifaa vyote shilingi 4,000. Faida ya ziada ni kwamba umeme ukikatika laptopu na setilaiti vinaendelea, na Luku haihusiki.

7 Septemba: Simu za mkononi

Kulikuwa na mabonge ya kelele yanayotokea na kupotea bila mpangilio, mapana, yakifunika kila kitu kwa nusu sekunde. Nilishuku jirani anayechomelea mageti. Siyo yeye. Mwanangu alipokaa karibu na meza akituma video ndipo mabonge yalipoongezeka.

Angalia namba: setilaiti baada ya LNB iko 739.5 hadi 740. Bendi ya 28 ya 4G inazipa simu MHz 703 hadi 748 za kurushia. Kwa hiyo simu iliyo hatua mbili kutoka kwenye kipokezi inapiga kelele juu ya masafa yale yale, nayo haina haja ya kupitia dishi. Inaingia kwenye koneta iliyolegea au kwenye plastiki ya kipokezi chenyewe.

Nilibadilisha koneta zote kuwa za kukaza kwa kubana badala ya za kuzungusha kwa mkono, na kipokezi nimekifungia kwenye kopo la maziwa ya unga, waya zikitoka kwenye matundu madogo na suka la waya likigusa bati pande zote. Mabonge yamebaki machache sana. Simu hazikai juu ya meza hiyo, na familia imekubali kwa manung'uniko.

14 Septemba: Upepo

Anayeijua Dodoma ya Septemba anajua. Mawimbi yalikuwa yanapanda na kushuka desibeli mbili tatu kwa mdundo wa upepo. Bomba la inchi mbili halikupinda. Braketi iliyorefushwa ndiyo ilikuwa inacheza kwenye boliti. Fundi ameongeza vipande viwili vya nondo kutoka mgongoni mwa dishi hadi kwenye bomba. Hakutoza. Vumbi jekundu kwenye uso wa dishi halipunguzi chochote nilichoweza kupima. Nililifuta, nikapima, hakuna tofauti.

19 Septemba: Jua kama shahidi

Kipimo hiki ni cha bure na kinakuja mara mbili kwa mwaka. Karibu na Machi 23 na Septemba 19 au 20, jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti kwa mtu aliyeko Dodoma. Leo ilikuwa saa 7:17 mchana. Muda huo kelele ya jua inaingia kwenye dishi na usuli unapanda taratibu, unafika kileleni, unashuka. Kama kilele kinatokea kwa wakati uliokokotoa, dishi limeelekea sawa. Likichelewa au kuwahi, unajua limekosea upande gani.

Kilele changu kilichelewa dakika tano hivi. Kila dakika nne jua linasogea nyuzi moja kuelekea magharibi, kwa hiyo dishi lilikuwa limeegemea magharibi kwa nyuzi moja na kitu. Pia nilibandika vipande vidogo vya kioo kwenye uso wa dishi, pembeni na katikati, na kuangalia vidoa vya mwanga vinakoangukia. Vilikuwa vinaangukia ubavu wa LNB, si mdomoni. Nililegeza boliti, nikasogeza dishi hadi vidoa vikakutana kwenye mdomo wake. Fanya haraka maana jua halisubiri, na ondoa vioo mara moja. Plastiki ya mdomo wa LNB haipendi mwanga uliokusanywa. Usitumie dishi linalong'aa kwa jaribio hili hata kidogo.

Baada ya hapo bikoni ziliongezeka desibeli moja na nusu. Mbinu za chaki na simu zisingenipa hiyo.

12 Oktoba: Ninachosikia, na hesabu ya fedha

Kwa wiki hizi nimesikia Wajerumani kwa wingi, Waitalia, Waafrika Kusini, Wabrazili, Wahindi. Afrika Mashariki ni kimya, kuna nafasi. Jioni za Jumamosi na Jumapili mkanda unajaa. Mtu akirusha kwa nguvu kuzidi bikoni, mtambo wa ulinzi uitwao LEILA unampigia king'ora juu ya masafa yake mwenyewe hadi apunguze, na ni burudani kusikiliza anavyojitetea. Kituo cha utafiti cha Ujerumani cha Neumayer III huko Antaktika kina stesheni yake kwenye setilaiti hii, ishara DP0GVN. Sijaipata bado.

Ukitaka kuthibitisha kwamba unachosikia ni chenyewe, fungua kipokezi cha mtandaoni kilichoko Goonhilly, Uingereza, masafa yale yale. Dishi lako litatangulia, na mtandao utafuata kwa kuchelewa kidogo na maneno yale yale. Kwa aliyeko Tanzania ni namna rahisi kuliko zote ya kupima kama umekosea masafa.

Fedha: dishi la mtumba 30,000. LNB ya kwanza 10,000, iliyopotea bure. LNB ya PLL 25,000. Kipokezi cha RTL-SDR 145,000 kufika Dodoma. Waya mita kumi na tano 15,000, koneta 3,000, spilita 5,000 ambayo sasa imekaa kabatini. Bomba na saruji 35,000. Kuchomelea 10,000. Kiunganishi 4,000. Jumla 282,000, bila laptopu na betri nilivyokuwa navyo. Anayerudia kazi hii akiruka LNB ya kwanza na spilita atatumia 267,000, na kama ana dishi lililokaa juu ya bati bila kazi, atapunguza 30,000 nyingine.

14 Desemba: Mvua

Mvua kubwa ya kwanza ilishusha mawimbi kidogo tu; masafa haya hayaogopi mvua kama yale ya juu zaidi. Kilichoua mapokezi kilikuja kesho yake, jua likiwa limetoka. Volti kwenye LNB zilikuwa zimeanguka hadi 9.

Sababu ni ile 58 tena. LNB iliyosimama wima koneta yake hutazama chini na maji yanadondoka. Yangu imezungushwa, koneta inatazama pembeni, na waya unaingia kwa mteremko kutoka juu, kwa hiyo maji yalifuata waya hadi ndani ya nyuzi za koneta. Ndani palikuwa na kutu ya kijani. Nimekata ncha, nimeweka koneta mpya, nikaifunga kwa mpira wa kujishika wenyewe na silikoni juu. Waya sasa unashuka kwanza, unatengeneza kitanzi chini ya usawa wa koneta, ndipo unapanda kuingia. Kidumu cha mafuta nimekitoboa upande wa chini, kilikuwa kimekusanya maji kama kikombe.

Wale wa dishi la katikati, yale makubwa ya zamani yenye LNB iliyoshikwa na miguu mitatu: kwa mwinuko wetu litakaa karibu chali kuelekea anga na litakuwa bakuli. Toboa tundu la milimita kumi katikati kabla ya Desemba.

11 Januari 2025: Hatua inayofuata

Mkanda mpana. Badala ya kuigusa LNB, nitaipa volti 18 ili ihamie H, pembe ikiwa ile ile ya 58. Betri moja haitoshi, kwa hiyo nimetenga kipandisha volti kidogo, kitakachofungiwa kwenye kopo lake mwenyewe kwa sababu nakijua kelele zake. Bikoni ya televisheni ya 10,491.5 ina upana mdogo unaoingia kwenye kipokezi hiki hiki, na programu ya kuifasiri DVB-S2 (mfumo wa televisheni ya setilaiti) iko tayari kwenye laptopu. Picha ikitoka, ingizo litafuata hapa pamoja na bei ya kipandisha volti.